Pistoni ya tatu: kisa cha kigari cha gofu kilichokuwa kinavuta hewa

Pistoni ya kwanza nilikikuta nayo kigari, imeshakufa. Ya pili niliiua mimi. Niliifunga ikiwa mpya, ringi mpya, gasketi mpya, klipu mpya. Ikafanya kazi kwa jumla ya saa kumi na moja tu. Kwenye saa ya kumi na mbili ya kazi ikashika, yaani ikajam ndani ya silinda, katikati ya mwinuko, nimebeba watu wawili na mzigo nyuma. Haikupiga kelele ya kutisha. Nguvu zilipungua taratibu kama mtu anayekosa pumzi, mkanda ukalia, kisha kimya. Nilipokanyaga tena pedali, starta ilinguruma tu bila kuzungusha kitu.

Kisa hiki ni cha pistoni ya tatu, ingawa sehemu kubwa yake haihusu pistoni.

Injini yenyewe ni ndogo: silinda moja, ujazo wa zaidi kidogo ya sentimita za ujazo 200, ya mipigo miwili, au tustroku kama tunavyoiita mafundi wa nyumbani. Inapozwa na feni iliyofungwa kwenye flaiwili, na oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Haina vali, haina kemushafti, haina sampu ya kuhifadhi oili chini. Ukiifungua yote, vitu vyake vinaenea kwenye sinia moja. Uchache huo ndio ulionidanganya. Nilihesabu vinavyosugana, nikaona pistoni, ringi na silinda, nikadhani nikishabadilisha hivyo nimeimaliza injini.

Ovahoo ya kwanza

Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta pistoni imepakaza aluminiamu kwenye ukuta wa silinda upande wa ekzosi. Nikahukumu palepale: oili haikutosha. Aliyekuwa nacho kabla yangu alisema alikuwa anachanganya "kwa macho", na hilo likanitosha kama ushahidi. Nikasugua silinda kwa jiwe, nikapima mwanya wa ringi, nikafunga pistoni ya saizi ile ile. Kwa kujihami nikatoka kwenye mchanganyiko wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, nikaenda 30 kwa 1, mililita 33 hivi. Baadaye, plagi ilipozidi kuwa nyeupe, nikaongeza jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa namba moja.

Kompresheni ilisoma paundi 125. Namba hiyo ilinipa usingizi mzuri kwa majuma kadhaa, nami sikuona kwamba haiwezi kuniambia chochote kuhusu ugonjwa uliokuwapo. Kompresheni hupimwa juu ya pistoni. Ugonjwa ulikuwa chini yake.

Kulikuwa na dalili nyingine, nazo nilizifuta kwa kitambaa. Nyuma ya klachi, pale shafti inapotokea kwenye mwili wa injini, palikuwa na duara la uchafu mweusi wenye unyevunyevu, upana wa sarafu. Mkanda wa starta ulikuwa unalia asubuhi. Nikasafisha uchafu, nikakaza mkanda. Ukaacha kulia kwa siku mbili tatu, nikakaza tena.

Kuna jambo moja la vigari hivi linalopaswa kusemwa hapa, maana ndilo lililonichelewesha. Kwenye pikipiki ya mipigo miwili, hewa ikipenya mahali isipotakiwa, injini hutoa taarifa: ukiachia mafuta, injini inaendelea kuzunguka juu juu, inakawia kushuka. Kila mwendesha pikipiki ya zamani anaijua sauti hiyo. Kigari cha gofu cha aina hii hakina sailensi ya kusikiliza, yaani ule mzunguko wa taratibu injini ikiwa imeachiwa mafuta. Ukikanyaga pedali, starta inazungusha injini nayo inawaka. Ukiondoa mguu, moto wa plagi unakatwa. Kwa hiyo ile taarifa haifiki. Injini inazimwa kabla haijalalamika.

Pistoni mezani

Baada ya pistoni ya pili kushika nilimpelekea mzee mmoja aliyetumia maisha yake kwenye injini ndogo za boti za kufungwa nyuma, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa tustroku karibu zote. Sikumpelekea injini. Nilibeba pistoni kwenye gazeti, kama samaki.

"Shikamoo mzee. Hii imejam. Nadhani oili niliyopewa ni feki."

"Marahaba." Akaigeuza mara mbili. "Upande huu ulitazama wapi?"

"Ekzosi."

"Na huu wa pili mbona msafi?"

Sikuwa na jibu. Akapitisha kidole upande wa kuingilia, akanionyesha kimebaki na utando wa oili. Akaangalia beringi ya sindano ya pini, akaisokota karibu na sikio. "Mwanangu, injini iliyokosa oili hukwaruzika pande zote, na beringi hii ingekuwa ya bluu. Hii imelowa. Oili ilikuwapo. Kilichokosekana ni petroli." Kisha akauliza swali ambalo mimi, katika miezi ile yote, sikuwahi kujiuliza: "Sili za kranki umezibadilisha?"

Sili hizo ni pete za mpira zinazoziba pale kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapotokea nje ya mwili wa injini. Nikajibu kwamba chini sikugusa, kulikuwa kuzima.

"Umejuaje?"

Nilirudi nyumbani nikaitazama tena pistoni kwa macho yake. Kichwa chake kilikuwa kikavu, rangi ya majivu mepesi, bila ule weusi laini unaoachwa na mchanganyiko ulio sawa. Mkwaruzo ulikuwa sehemu moja pana, yote upande wa ekzosi, ambako ndiko kuna joto kuliko kote ndani ya silinda. Ringi ya juu ilikuwa imenaswa kwenye mfereji wake pale pale. Kama ingekuwa ni pistoni iliyobana tangu kufungwa, au injini iliyokimbizwa ikiwa baridi, ningeona alama nne zilizogawanyika kuzunguka sketi, yaani sehemu ya chini ya pistoni, kama miguu ya meza. Hazikuwapo. Pistoni hii ilikuwa imepanuka kwa joto upande mmoja mpaka ikagusa ukuta.

Na joto hilo lilitokana na mchanganyiko mkavu: hewa nyingi, mafuta kidogo. Watu wanafikiri petroli ni moto tu. Kwenye injini hii petroli hupita kwanza chini ya pistoni ikiwa bado baridi, ikaipoza, na ndiyo inayobeba oili mgongoni. Ikipungua petroli, kipozeo kinapungua na oili inapungua, yote kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa upuuzi wa dawa yangu ya 30 kwa 1. Jeti ya kabureta inapitisha kiasi kile kile cha kimiminika. Kwenye lita moja ya mchanganyiko wa 50 kwa 1 kuna takriban mililita 980 za petroli. Kwenye 30 kwa 1 zinabaki 968 hivi. Tofauti ni ndogo, haiwezi kuua injini peke yake, ila inaelekea upande ule ule wa kaburi. Oili ya ziada ilikwenda kukaa kama masizi kwenye dirisha la ekzosi, yaani tundu la ukuta wa silinda linalotoa moshi. Nilipoangalia, karibu theluthi ya dirisha ilikuwa imezibwa.

Mashine ya presha

Chumba cha kranki kwenye injini ya mipigo minne ni stoo ya oili. Kwenye hii ni pampu. Pistoni ikipanda, chini yake kunakuwa na ombwe linalovuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, inaukandamiza na kuusukuma juu kupitia madirisha ya pembeni. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeijenga injini ya namna hii, karne ya 19, na tangu wakati huo masharti hayajabadilika: chumba kisivuje. Kila pistoni inapopanda, sili iliyochoka inaingiza hewa ambayo kabureta haiijui. Kila inaposhuka, sili hiyo hiyo inapuliza ukungu wa oili nje. Lile duara jeusi nililolifuta lilikuwa ni huo ukungu.

Kupima kama chumba kinavuja hakuhitaji kifaa cha kiwandani. Nilichukua ile mashine ya presha ya kufunga mkononi, yenye mpira wa kubonyeza na geji ya mshale. Geji yake inaishia 300, na milimita 300 za zebaki ni sawa na baa 0.4, ambacho ndicho kipimo kinachotumika kwa injini ndogo kama hizi. Ukipeleka zaidi ya hapo unaweza kuiharibu sili nzima kwa mikono yako. Nilifunga upya silinda na ile pistoni mbovu baada ya kuiparura kidogo ili ipite, kwa ajili ya kupima tu. Dirisha la ekzosi nikaliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na bati nene lililobanwa kwa bolti za sailensa yenyewe. Mahali pa kabureta vivyo hivyo. Plagi ikabaki mahali pake. Mpira wa mashine nikauchomeka kwenye kichuchu kinachotoa pumzi kwenda kwenye pampu ya mafuta, maana hicho kinaingia moja kwa moja kwenye chumba cha kranki. Pistoni nikaiteremsha mpaka chini kabisa ili madirisha ya pembeni yawe wazi, juu na chini vipimwe pamoja.

Nikabonyeza hadi 300. Nikaachia. Mshale ulirudi kwenye sifuri kwa sekunde nane.

Nikapaka maji ya sabuni. Kwenye gasketi ya chini ya silinda, hakuna. Upande wa flaiwili, povu dogo dogo la kivivu. Nyuma ya klachi kulitokea povu kubwa, likakua kama yai, likapasuka, likaanza lingine.

Nilikaa chini pale. Saa kumi na moja za kazi, pistoni moja, kuchonga na kusugua, na jibu lingepatikana kwa sabuni.

Kuna tatizo jingine lililosababishwa na huku kuvuja, na ni rahisi kulisahau. Pampu ya mafuta ya kigari hiki haina umeme. Ni kiwambo cha mpira kinachopigwa na pumzi ya chumba cha kranki. Chumba kikivuja, pumzi inakuwa dhaifu na pampu nayo inalegea. Kwenye tambarare inatosha. Kwenye mwinuko, mguu ukiwa chini kabisa, injini inadai mafuta mengi na pampu haina nguvu ya kuyaleta. Ndiyo maana pistoni ya pili ilikufa ikipanda.

Upande wa klachi

Kuitoa klachi kulinichukua nusu siku. Imekaa kwenye ncha ya shafti iliyochongwa kama koni, na hutolewa kwa bolti ndefu maalumu inayosukuma shafti ukiikaza. Usipige nyundo. Nasema hivi kwa sababu nilikuta alama za nyundo za mtu aliyenitangulia, na kranki ya injini hizi ni vipande vilivyobanwa pamoja kwa nguvu. Pigo la pembeni linaweza kuipotosha. Niliiweka baadaye juu ya vitalu viwili vya umbo la V na geji ya saa. Ilipinda milimita 0.03, nami nilishajiwekea kwamba ikizidi 0.05 itakwenda kunyooshwa. Bahati.

Sili ilitoka ngumu kama kifuu. Mdomo wake, ambao unatakiwa kuwa laini na kuikumbatia shafti, ulikuwa unang'aa na una nyufa ndogo. Beringi iliyokuwa nyuma yake ilicheza: ukishika shafti na kuinyanyua unasikia mgongano mdogo. Ile ya upande wa flaiwili ilikuwa na mchezo kidogo tu.

Kwa nini upande wa klachi zaidi? Angalia kinachoning'inia pale. Mkanda wa kwenda kwenye magurudumu unavuta kwenye klachi. Mkanda wa starta umezungushwa kwenye puli iliyo nyuma ya klachi hiyo hiyo. Starta ya kigari cha gofu haiwashi mara mbili kwa siku kama ya gari. Inawasha kila unapokanyaga pedali, na injini ikishawaka inageuka kuwa jenereta inayokokotwa na mkanda ule ule. Yote hiyo inaegemea beringi moja.

Na hapa ndipo mkono wangu ulipoingia. Ukungu wa oili uliotoka kwenye sili ulilowanisha mkanda wa starta. Mkanda ukateleza, ukalia. Nikaukaza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi ukaivuta beringi upande mmoja, shafti ikaanza kucheza ndani ya sili, sili ikavuja zaidi, mkanda ukalowa zaidi, nikaukaza tena. Naamini kilichoanza chote ni umri wa sili tu. Lakini niliharakisha mambo kwa spana yangu mwenyewe, nikidhani nanyamazisha kelele.

Beringi zote mbili zilibadilishwa. Nusu za mwili wa injini nilizipasha kwenye oveni hadi nyuzi 100 hivi, beringi zikiwa zimelala usiku kucha kwenye friza. Zikadumbukia mahali pake kwa sauti ya "tok" bila kupigwa. Kama hukuwahi kufanya hivyo, jaribu mara moja tu na hutashika nyundo tena kwa kazi hiyo.

Kwenye shafti, pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukikaa, palikuwa na mfereji mwembamba. Hauonekani vizuri, ila ukipitisha ukucha unakwama. Sili mpya ikikaa pale pale itavuja tangu siku ya kwanza. Nikaiacha sili mpya ichomoze milimita moja na nusu kuliko ya zamani, ili mdomo wake uangukie kwenye chuma ambacho hakijaguswa. Kabla ya hapo niliangalia kwamba sitaziba kitundu kinachopeleka oili kwenye beringi. Kwenye injini hii kipo, chembamba kama kijiti cha kiberiti.

Sili zenyewe nazo zina mtego. Baadhi zina mistari ya mshazari kwenye mdomo inayorudisha oili ndani shafti ikizunguka upande mmoja tu, na mara nyingi kuna mshale umechorwa. Weka ya upande usio wake, itasukuma oili nje. Hili lina uzito zaidi kwa vigari vya zamani ambavyo havina gia ya nyuma. Harley-Davidson ilitengeneza vigari vya gofu kuanzia 1963 hadi 1982, na injini yao ya mipigo miwili ilikuwa ikizimwa kisha inawashwa ikizunguka kinyume ili kigari kirudi nyuma; injini isiyo na vali haijali inazunguka wapi. Injini ya namna hiyo inataka sili yenye mdomo wa kawaida, usio na mistari. Yangu inazunguka upande mmoja, lakini nilichukua za mdomo wa kawaida vilevile.

Silinda

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa kazi hii ndiyo kila mtu anaijua. Aluminiamu iliyoganda kwenye ukuta niliiondoa kwanza kwa msasa laini. Ukipitisha jiwe juu yake, jiwe linajaa na kuchonga mahali pasipotakiwa. Nikapima kwa maikromita kwenye vimo vitatu, pande mbili kila kimo. Usawa wa dirisha la ekzosi, silinda ilikuwa imepanuka kwa milimita 0.11, kwingine 0.04. Tofauti ikizidi 0.05 mimi sibishani tena, silinda inakwenda kuchongwa. Pistoni ya saizi ya ziada ya 0.25 isingefuta mkwaruzo, nikachukua ya 0.50.

Nilimpa fundi wa lethi pistoni yenyewe mkononi, sikumpa namba. Pistoni siyo duara kamili. Ni ya yai kidogo, na juu ni nyembamba kuliko chini. Kipimo chake kinachukuliwa karibu na mwisho wa sketi, pembe mraba na pini. Nikaomba nafasi ya milimita 0.06. Injini ya kupozwa kwa upepo haitaki kubanwa.

Baada ya kuchonga, kingo za madirisha huwa kali kama wembe. Zisipofutwa makali, ringi inagonga kila inapopita. Nilizilegeza kwa jiwe dogo la mkono, moja moja, nikipima kwa ncha ya kidole. Kisha maji ya moto na sabuni. Petroli haiondoi vumbi la jiwe, inalisambaza tu. Osha, futa kwa kitambaa cheupe, kikichafuka osha tena. Mimi nilirudia mara tano. Kikitoka cheupe, paka oili hapo hapo, kwa maana silinda ya chuma iliyo uchi inaanza kutu ukiwa bado unatafuta kopo.

Kufunga

Ringi za tustroku hazizunguki ovyo. Kuna kipini kidogo kwenye kila mfereji, na ncha za ringi lazima zikikumbatie, la sivyo siku moja ncha itachungulia dirishani na kukatika. Mshale wa kichwa cha pistoni unatazama ekzosi. Klipu za pini niliweka mpya, mdomo wazi ukielekea chini. Ukiuelekeza pembeni, kule kupanda na kushuka kwa pistoni kunaweza kuifinya itoke. Na kabla ya kushika klipu, tandika kitambaa kwenye mdomo wa chumba cha kranki. Moja ya kwangu iliruka, ikagonga dari ikaangukia kitambaani. Bila kitambaa, ningeanza kisa hiki upya.

Kisha kabla ya kabureta, kabla ya sailensa, mashine ya presha ikarudi. 300. Baada ya dakika moja, 210.

Nilisema neno ambalo sitaliandika.

Sabuni. Nyuma ya klachi kukavu. Flaiwili kukavu. Povu lilikuwa kwenye kile kichuchu cha pampu ya mafuta, kilichobanwa tu kwenye mwili wa injini na ambacho huenda kilikuwa kikivuja miaka yote. Nikakitoa, nikakisafisha, nikakirudisha kwa gundi ya kukazia nyuzi na bomba. Siku iliyofuata: 300, na baada ya dakika tano 290. Mpaka wangu ni kutopoteza zaidi ya 50 kwa dakika moja. Nikageuza kipimo, nikavuta hewa badala ya kuisukuma, kwa kuwa mdomo wa sili unaweza kuzuia presha ukashindwa kuzuia ombwe, na ombwe ndilo linaloua. Ikashika.

Jeti nikairudisha kwenye namba yake ya asili. Oili nikairudisha 50 kwa 1. Hayo mawili yalikuwa magumu zaidi moyoni kuliko kazi yote ya spana, kwa kuwa mtu aliyeona pistoni mbili zimeungua anatamani kuongeza kila kitu. Masizi kwenye sailensa niliyachoma na kuyagonga. Mapezi ya silinda yalikuwa na nyasi kavu na kitu kilichowahi kuwa kiota cha panya chini ya kava la feni. Nalo hilo lilichangia joto, sitalitetea. Platini, ile swichi inayotoa moto wa plagi, zikapewa mwanya wa milimita 0.35 na muda wa moto ukapimwa, kwani moto unaowahi unakaanga pistoni vilevile.

Mkanda wa starta niliukaza kwa kidole gumba: ukibonyeza katikati unashuka kama sentimita moja. Haulii.

Kuwasha

Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, niliiwasha dakika kumi bila mzigo, nikaiacha ipoe mpaka naweza kuikumbatia, nikarudia mara tatu. Ikiwa baridi nikakaza tena nati za kichwa. Kisha njia za tambarare, mguu unapanda na kushuka, hakuna mwinuko, hakuna abiria. Kompresheni ikasoma 130, yaani karibu ile ile ya wakati injini inaelekea kufa.

Kwa plagi, kigari cha gofu kina zawadi moja. Kwenye pikipiki, ili usome rangi ya kweli ya plagi lazima ukate moto ghafla injini ikiwa kwenye mzigo, ukishika klachi, kazi ya mikono mitatu. Hapa unaondoa mguu tu. Pedali inakata moto yenyewe. Baada ya saa sita za kazi niliupanda ule mwinuko, nikaondoa mguu katikati, nikaweka breki na kufungua plagi hapo hapo kwa glavu. Kauri yake ilikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa.

Kufikia saa ya thelathini nilitoa sailensa nikamulika tochi kwenye dirisha la ekzosi, nikizungusha kranki kwa mkono. Nyuma ya klachi palikuwa na vumbi kavu. Kwenye sketi ya pistoni, upande ule ule ambao mbili zilizotangulia zilikwaruzika, mistari ya lethi ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana.